Kutoka Mswada hadi Jukwaa: Tendo, Usemi na Mazoezi katika Utunzi wa Tamthiliya ya Kiswahili

Ikisiri

Tamthiliya nyingi za Kiswahili humfikia msomaji wa darasani kabla ya kumfikia mtazamaji. Makala haya yanajadili athari ya hali hiyo katika ufundi wa utunzi. Kwa kurejelea Nguzo Mama ya Penina Muhando, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na kazi za jukwaani za Kamiriithu na Lubumbashi, yanaonesha kuwa tamthiliya hujengwa kwa tendo linaloonekana na usemi unaotenda, na kwamba mazoezi ya waigizaji ni sehemu ya utunzi wenyewe.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa riwaya anaweza kurudi nyuma kurasa kumi, kutafuta neno katika kamusi, au kufunga kitabu na kukifungua kesho. Mtazamaji wa tamthiliya hana nafasi hiyo. Jambo likimpita, limempita. Tofauti hii ndiyo msingi wa ufundi wa mtunzi wa tamthiliya, nayo ndiyo inayosahaulika pale mswada unapoandikwa kwa matumaini ya kuteuliwa kuwa kitabu cha kiada.

Uteuzi wa vitabu vya shule umezihifadhi tamthiliya nyingi ambazo zingepotea. Hata hivyo, umezaa pia mazoea ya kumwandikia mtahiniwa. Katika maandishi ya namna hiyo, wahusika hutangaza dhamira kwa ukamilifu, huyataja maovu ya jamii moja baada ya jingine, na hupatana katika onyesho la mwisho. Maswali ya mtihani hujibika, lakini waigizaji hubaki wamesimama bila la kufanya.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha uamuzi kama huo mwaka 2022. Tamthiliya mpya zitahitajika huko. Inafaa kuuliza mapema zitaandikwa kwa ajili ya nani.

2.0 Kutoka Wazo hadi Tendo

Watunzi wachanga wengi huanza na mada: rushwa, ukabila, ndoa za utotoni. Mada haiwezi kuigizwa. Kinachoweza kuigizwa ni mtu anayetaka kitu fulani, akazuiwa, akajaribu njia nyingine.

Nguzo Mama (1982) ni mfano bora wa mada iliyogeuzwa kuwa tendo. Suala lake ni ukombozi wa mwanamke, ambalo lingeweza kuishia katika hotuba. Muhando anawapa wanawake wa Patata kazi moja inayoonekana: kuisimamisha nguzo. Kila ugomvi, kila ubinafsi na kila kisingizio hupimwa kwa nguzo hiyo. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kuwa umoja umevunjika, kwa sababu anaiona nguzo ikiwa bado chini. Hata asiyeelewa kila neno la Kiswahili huifahamu hali hiyo, na jambo hili ni la manufaa makubwa kwa jukwaa la Kampala au Bujumbura, ambako hadhira huja na viwango tofauti vya lugha.

3.0 Usemi Unaotenda

Usemi wa jukwaani haukusudiwi kutoa taarifa pekee. Anayesema huomba, hutisha, hubembeleza, huficha. Mfano mdogo wa kubuni unaweza kulifafanua hili. Katika mswada wa kwanza, karani anamwambia mzee, "Ofisi hii imejaa rushwa, na bila kitu kidogo hutahudumiwa." Katika mswada wa pili, karani anachukua faili la mzee lililo juu, analiweka chini ya mengine yote, kisha anasema, "Karibu tena wiki ijayo, mzee wangu." Maneno yamekuwa ya heshima zaidi na ukatili umeongezeka. Rushwa haikutajwa, lakini hakuna mtazamaji asiyeiona.

Katika Kinjeketile (1969) usemi unafanya kazi nzito zaidi. Hussein alieleza katika utangulizi wake kuwa mhusika huyu ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya mtu wa kihistoria wa Vita vya Maji Maji (1905–1907). Uhuru huo ulimwezesha kujenga mgogoro ndani ya neno lenyewe. Katika unabii unaowaunganisha watu, Kinjeketile anatamka pia kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said. Ahadi ya ukombozi inabeba utawala mwingine, na msemaji mwenyewe anashtuka anapoyatambua aliyoyasema. Mwishoni, anapotakiwa akane kuwa maji yalikuwa na nguvu, tendo kuu la onyesho ni kukataa kusema. Mtunzi amelifanya neno lisilotamkwa kuwa na uzito kuliko vita vyote vilivyotangulia.

Muundo wa Kiswahili humsaidia mtunzi katika jambo hili. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, hivyo jibu la neno moja kama "Alinikimbia" linatosha kubadili mwelekeo wa onyesho. Kinyume chake, mfuatano wa nomino kama "utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa huduma" huupunguza mwendo wa usemi. Unaifaa kauli ya afisa anayekwepa swali, lakini ukiwekwa kinywani mwa mama anayedai maji, mhusika hufa papo hapo.

4.0 Mazoezi kama Hatua ya Utunzi

Kasoro za aina hiyo hazionekani kwa urahisi mezani. Husikika pale mwigizaji anapokosa pumzi au anaposimama jukwaani bila sababu ya kuwapo.

Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, mswada wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulipitia mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji wakaisahihisha lugha ya wahusika wanaofanana nao. Serikali iliyazuia maonyesho hayo mwezi Novemba, na Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa mwisho wa mwaka.

Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilikwenda mbali zaidi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alishuhudia mwaka 1986 jinsi kikundi hicho kilivyounda mchezo kutokana na msemo kuwa madaraka huliwa mazima. Waigizaji waliujadili msemo, wakagawana maonyesho, kisha wakayabuni mazungumzo papo kwa papo kwa Kiswahili cha Shaba. Hapakuwa na mswada wa kukariri. Usemi wao ulikuwa hai kwa sababu haukupita kwenye karatasi kwanza.

Njia hii ina gharama yake. Mchezo usioandikwa hauwezi kuchukuliwa kwa wepesi na kikundi kingine, na bila rekodi za Fabian hatua za utunzi huo zisingejulikana kwa undani. Njia ya kati ni mtunzi kuandika, kuwapa waigizaji, kusikiliza, kukata, kisha kuandika upya kabla ya kuchapisha. Katika hatua hiyo maelekezo ya jukwaani hupungua, kwani maelekezo kama "kwa huzuni" hayahitajiki iwapo huzuni imo ndani ya tendo.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa tamthiliya haikamiliki kwa nukta ya mwisho ya mswada. Yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, wachapishaji waupe kipaumbele mswada uliokwisha kuigizwa, hata kama ni mbele ya hadhira ndogo. Pili, vyuo vinavyofundisha utunzi viwakutanishe watunzi na waigizaji tangu rasimu ya kwanza. Tatu, mitihani iulize pia namna onyesho linavyoweza kuigizwa. Pasipo hayo, Kiswahili kitaendelea kupata vitabu vya tamthiliya vinavyosomwa na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi ambao hawajawahi kuketi mbele ya jukwaa.