Bakteria husafisha dizeli ardhini, si kila sumu

WANAOTAFUTA viwanja vya biashara Kibondo na Kasulu wanashauriwa kuutazama udongo kabla ya kulipa. Kiwanja kilichokuwa gereji, kituo cha mafuta au mashine ya kusaga ya dizeli huweza kuuzwa kwa bei nafuu, lakini mnunuzi hurithi na mafuta yaliyomwagika.

Miji hiyo ilitegemea umeme wa jenereta za dizeli hadi ilipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022. Malori na mashine nyingi bado zinatumia dizeli. Ikizama, mvua huisukuma hadi kwenye maji ya visima.

Habari njema kwa mwenye mtaji mdogo ni kwamba dizeli ni chakula cha bakteria ambao tayari wamo ardhini. Wanachokosa ni naitrojeni, fosforasi, hewa na unyevu. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska, Marekani, mwaka 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea ili bakteria wa hapohapo waongeze kasi.

Hesabu yake si kubwa. Lori la tani 10 za udongo wenye dizeli asilimia 1 lina kilo 100 za mafuta. Kwa kanuni ya kaboni 100, naitrojeni 10 na fosforasi 1, zinahitajika takriban kilo 17 za Urea na kilo 4 za DAP, zikitiwa kidogo kidogo. Udongo hurundikwa juu ya nailoni nene, hufunikwa turubai, hupewa maji kiasi na kugeuzwa mara kwa mara. Kazi huchukua miezi, hivyo ni vema kuianza kiangazi, Juni, kabla mvua hazijasambaza uchafu. Mwenye kuuziwa bakteria wa chupa adai kwanza jaribio kwenye udongo wake.

Tahadhari ni kwamba risasi ya betri chakavu haiozi. Bakteria hawawezi kuimaliza. DDT nayo hudumu miaka mingi. Mfano ni Vikuge, Kibaha, ambako viuatilifu kutoka Ugiriki vilivyoletwa kama msaada mwaka 1986 viliachwa hadi vikachafua udongo. Maji yaliyokwisha kuchafuka chini ya ardhi nayo ni kazi ya wataalamu, kwa gharama nyingine kabisa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi ndiye mlipaji, na inaruhusu kutolewa amri ya kurejesha mazingira. Kumtafuta muuzaji aliyekwisha hama si kazi rahisi.

Hivyo chimba mashimo machache, peleka sampuli maabara, na uliza kiwanja kilitumikaje. Ikiwa ni dizeli pekee, na maji ni salama, gharama ya kusafisha ikatwe kwenye bei. Ikiwa ni risasi au DDT, unafuu wa bei usikuvute.