Je, Wajua? Pua Huweza Kujengwa kwa Ngozi ya Paji la Uso

Je, wajua kuwa kuikata saratani ya ngozi ni nusu tu ya kazi? Nusu ya pili ni kuziba pengo linalobaki.

Pengo dogo hushonwa moja kwa moja. Likiwa pana, hupandikizwa ngozi: utando mwembamba kutoka pajani, au, kwa ajili ya uso, ngozi ya nyuma ya sikio inayoshabihiana na ya uso. Mfupa ukiwa wazi, ngozi ya kupandikiza kwa kawaida haishiki; hapo hugeuzwa kipande cha ngozi ya jirani kilichoshikana na mishipa yake ya damu. Pua hujengwa hivyo kutoka kwenye paji la uso, na sehemu inayokiunganisha kipande hicho na paji hukatwa baada ya wiki 3 hivi. Mbinu hii ya India ilichapishwa London mwaka 1794.

Hata shirika la afya la Amref lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji huu wa kurekebisha maumbile: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees.

Kisiwani Pemba, wavuvi na wakulima wa mwani hushinda juani. Walio hatarini zaidi kupata saratani ya ngozi kwa jua hilo ni watu wenye ualbino, kwani ngozi yao ina melanini kidogo mno. Kinga yao ni kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua kama Kilisun, yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Una kidonda kisichopona kwa mwezi mzima? Kakioneshe hospitali mapema, iwe Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani, kingali kidogo.