Elimu Isigeuzwe Fimbo ya Siasa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, Suratul Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Wengi wetu huielekeza aya hii kwenye umbeya wa mitaani. Leo tunapenda kuitazama kwa upande wa utafiti wa kisayansi unaobebwa na makundi yenye malengo ya kisiasa.

Mwaka 2003, baada ya uchaguzi mkuu uliowaachia wanasiasa wengi wa kaskazini mwa Nigeria kinyongo dhidi ya serikali ya Rais Olusegun Obasanjo, Baraza Kuu la Sharia la nchi hiyo lilishika bendera ya kuipinga chanjo ya polio. Ilidaiwa kuwa matone yale yalikusudiwa kuwafanya mabinti wa Kiislamu kuwa tasa. Yalipopimwa maabara, zikatajwa chembe ndogo mno za homoni ya kike. Wapinzani wakalitangaza neno homoni, wakayanyamazia maneno ndogo mno. Wataalamu walieleza kuwa kiasi hicho hakizuii uzazi, lakini jimbo la Kano likasimamisha chanjo.

Insafu yatulazimu kusema kuwa hofu ya watu wa Kano haikuzuka hewani. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa mpya kwa watoto wapatao 200 mjini humo. Watoto 11 walifariki dunia: watano katika waliopewa dawa hiyo, na sita katika waliopewa dawa ya kulinganishia. Wazazi walilalamika kuwa hawakuelezwa kwamba lile lilikuwa jaribio. Hata hivyo, kosa la jana si ushahidi wa madai ya leo.

Chanjo ilirejea Kano Julai 2004, kwa matone yaliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Lakini virusi havikungoja. Kutoka kaskazini mwa Nigeria vilisambaa hadi nchi zipatazo 20. Mwaka 2005 viliifikia Yemen, vikaifikia na Indonesia ile ile, ambayo haikuwa imeona polio kwa takriban miaka kumi. Katika kila moja ya nchi hizo mbili mamia ya watoto walipooza. Kampeni iliyodai kuwalinda watoto wa Kiislamu ikawa sababu ya kuwalemaza.

Maulamaa wetu wa hadithi waliujua ugonjwa huu zamani. Mpokezi aliyeficha kasoro ya sanadi yake walimwita mudallis, na riwaya yake ikatiliwa shaka. Nani asiyejua kuwa anayesoma aya ya 4 ya Suratul Maun akasimama hapo, asiifikie ya 5, amewageuza wenye kuswali wote kuwa watu wa adhabu? Anayeukata utafiti katikati hutenda jambo la namna hiyo hiyo.

Basi tunapoletewa utafiti, tuulize: Umefanywa na nani, na kwa fedha za nani? Kilichopatikana ni kiasi gani? Je, wengine wameurudia wakapata matokeo yale yale? Na maswali haya tumuulize hata anayesema tunayopenda kuyasikia, kwani huyo ndiye tunayemwamini upesi zaidi.

Imamu naye ana dhima juu ya mimbari. Agosti 2020, Afrika ilipotangazwa kuwa imevitokomeza virusi vya polio vya asili, mchango wa Sultani wa Sokoto, maamiri na maimamu wa kaskazini mwa Nigeria waliosimama kuitetea chanjo haukuwa mdogo. Ulimi wa dini uliotumika kuzuia ndio ulioponya.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, na atukinge na kuwadhulumu watoto wetu kwa jina la kuwatetea. Amin. Wallahu a'lam.