Gharama ya Penzi Lililokatazwa: Mfano wa Rosa Mistika

Watahiniwa wengi wanapoulizwa athari za penzi lililokatazwa hukimbilia tukio la mwisho: mhusika amekufa, basi hiyo ndiyo athari. Jibu kama hilo huambulia alama chache kwa kuwa linaruka maumivu yaliyomfikisha mhusika hapo. Tuitazame riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ambayo inayaonyesha maumivu hayo hatua kwa hatua.

Kwanza ni hofu. Rosa anakulia kijijini Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe. Babake, Zakaria, anapogundua kuwa Charles amemwandikia barua, anampiga vikali. Zakaria hamweleweshi bintiye lolote. Hivyo Rosa hajifunzi kumtofautisha mvulana mwema na mlaghai. Anajifunza kuwaogopa wote. Anapofika chuoni, mbali na macho ya baba, hana kipimo cha kumwongoza.

Pili ni upweke. Aliyefiwa hukaliwa matanga na majirani humpa pole. Aliyeachwa katika uhusiano wa siri hana matanga. Rosa anaingia katika mahusiano yanayovunjika moja baada ya jingine na hata mimba anaitoa kwa siri. Hawezi kulia hadharani, kwa sababu kilio chenyewe kitamfichua.

Tatu ni aibu. Charles anarudi maishani mwake na ndoa inapangwa, lakini anamwacha baada ya kugundua kuwa si bikira. Rosa anajitoa uhai. Mtahiniwa makini ataona kinaya kilichomo katika jina. Rosa Mistika ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Jina linalotukuza ubikira limebebwa na msichana anayekataliwa kwa kuukosa.

Je, Rosa aliuawa na penzi? La hasha. Kuachwa na Charles kuliongeza uzito juu ya mzigo aliokuwa ameubeba peke yake tangu siku ya kipigo. Hii haina maana kwamba Rosa hana lawama, kwani baadhi ya maamuzi ni yake. Hata hivyo, malezi ya vitisho yalimnyima mtu wa kumwendea alipokosea.

Katika kujibu, mtahiniwa ataje hisia, aithibitishe kwa tukio mahususi, kisha aonyeshe mbinu iliyotumiwa kuiwasilisha. Akifanya hivyo kwa hofu, upweke na aibu, atakuwa na hoja tatu kamili.

Mwalimu naye asiifundishe riwaya hii kama onyo tu. Huenda darasani mna mwanafunzi anayeficha jeraha la aina hii. Akisikia kwamba kosa la Rosa halina msamaha, atazidi kunyamaza. Aelezwe wazi kwamba Rosa alikosa sikio la kumsikiliza, na kwamba yeye analo.