Jua ni la Wote, Betri Je?

Wazazi wengi wa Lubumbashi hutuuliza: "Mwalimu, ya nini kununua bamba la jua, hali nyuzi za umeme zapita juu ya nyumba zetu?" Zapita, ni kweli. Sehemu ya umeme wa Katanga hutoka mbali, Inga, nao husafiri kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi kwa njia iliyokamilika mwaka 1982. Lakini jioni nyingi mtoto husoma kwa mshumaa.

Kwa hiyo tuliazimu kuwafundisha wanafunzi wetu habari za umeme wa jua utumiwao na majirani pamoja. Jambo hilo si ndoto. Huko Goma, mwaka 2020, kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa kilowati 1,300. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alivitaja kwa wema vyama vya ushirika vya namna hiyo.

Hatukuanza na waya, tulianza na hesabu. Katika kompyuta ya shule tulitengeneza jedwali. Bamba la wati 200, likipata jua kali saa 5, latoa wati-saa 1,000. Tukaondoa robo, ipoteayo katika betri, waya na vumbi (vumbi jekundu la kiangazi chetu ni mwizi hodari!), zikabaki 750. Kisha tukaandika nyumba 10. Kila nyumba ina taa 2 za wati 5, ziwakazo saa 4, na simu 1 ya wati-saa 15. Jumla ni 55 kwa nyumba, yaani 550 kwa wote. Akiba, 200. Wanafunzi wakafurahi.

Katika jedwali hilo, ukibadili tarakimu moja, nyingine hubadilika papo hapo. Basi mvulana mmoja akaongeza pasi ya mama yake: wati 1,000, kwa saa 1 tu. Akiba ikageuka deni la 800! Darasa zima likapiga kelele. Twakiri ya kuwa tungalihubiri juu ya choyo mwezi mzima tusingaliisikia kelele ile.

Tukaiondoa pasi, tukaingiza siku ya Januari yenye mawingu mazito: saa 2 za jua badala ya 5. Zikapatikana wati-saa 300. Pamoja na akiba ya jana, 500. Nazo zatakiwa 550. Wanafunzi walikata shauri taa zote ziwake, maana watoto wasoma. Taa zala 400. Zile 100 zilizobaki zatosha simu 6. Simu 4 zingoje kesho.

Simu za nani? Msichana mmoja alisema ya mkunga isikose kamwe. Mwenzake akataka aliyelipa zaidi atangulie. Wengine wakasema ni zamu kwa zamu. Kengele ikalia wangali wakibishana, nasi hatukuwapa jibu. Kesho yake walirudi na majibu ya wazazi wao, nayo hayakupatana hata kidogo.