Ulinzi wa wanamichezo dhidi ya unyanyasaji wa mtandaoni

Ulinzi wa wanamichezo dhidi ya unyanyasaji wa mtandaoni ni jumla ya sheria, kanuni za vyama vya michezo na mbinu za kompyuta zinazotumika kuwakinga wachezaji na matusi, vitisho na udhalilishaji wanaotumiwa kupitia mitandao ya kijamii. Haukusudiwi kuzuia lawama za mchezo. Shabiki anayesema kipa alisimama vibaya anakosoa. Anayemwandikia kipa huyohuyo kwamba atamfuata nyumbani, au anayemtukania rangi yake na mama yake, anafanya jambo jingine kabisa.

Matusi ya uwanjani si mapya, lakini zamani mchezaji aliyaacha getini. Sasa yanamfuata hadi kitandani, ndani ya simu ileile anayozungumzia na wazazi wake.

Ukubwa wa tatizo

Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Shirikisho la Riadha la Dunia lilifuatilia akaunti za Twitter za wanariadha 161. Katika jumbe 132 za unyanyasaji zilizobainika, 115 ziliwalenga wanawake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Qatar, FIFA ilichunguza jumbe na maoni yapatayo milioni 20 na kuthibitisha zaidi ya 19,000 kuwa ya unyanyasaji.

Tukio lililojulikana zaidi ni la tarehe 11 Julai 2021. Uingereza ilipofungwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Ulaya, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walishambuliwa kwa matusi ya kibaguzi, mengine yakiwa ni emoji za nyani tu. Machi 2022 kijana wa miaka 19 alifungwa wiki sita kwa kumtukana Rashford. Alikuwa amebadilisha jina la akaunti yake ili asijulikane.

Sababu nyingine ni kubeti. Vyombo vya tenisi, WTA na ITF, vilieleza kwamba katika mwaka 2024 asilimia 40 ya unyanyasaji uliogunduliwa dhidi ya wachezaji ulitoka kwa watu wenye hasira ya kupoteza dau. Hali hii si ngeni Tanzania, ambako kampuni za kubeti zimekuwa wadhamini wa Simba na Yanga, na ambako kosa moja la beki huweza kuchana mikeka ya watu wengi kwa dakika moja.

Wanawake wa Afrika

Wanariadha wa kike wa Afrika hukabiliwa zaidi na mjadala juu ya miili yao. Margaret Wambui wa Kenya alipata shaba ya mita 800 mjini Rio mwaka 2016, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na Francine Niyonsaba wa Burundi. Wote watatu walijadiliwa hadharani kana kwamba hawakuwa watu wenye kusikia. Bondia Imane Khelif wa Algeria, baada ya kushinda dhahabu mjini Paris mwaka 2024, alichukua hatua tofauti: alifungua malalamiko ya unyanyasaji wa mtandaoni nchini Ufaransa, na mwendesha mashtaka wa Paris akaanzisha uchunguzi.

Ugumu wa lugha

Programu za kuchuja matusi hutafuta maneno. Kiswahili, hasa cha pwani, hutukana kwa mafumbo. Mtu akimwandikia mchezaji wa kike "kaka yetu kafunga tena", hakuna neno chafu hata moja ndani yake, lakini kila msomaji ameelewa. Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi. Anatakiwa mtu anayeijua lugha na watu wake. Kazi ya namna hiyo kwa ajili ya Facebook ilifanyika Nairobi katika kampuni ya Sama hadi ilipotangaza kuiacha mwaka 2023, baada ya wafanyakazi kwenda mahakamani wakilalamikia madhara ya kusoma na kutazama maovu kutwa nzima.

Sheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Matusi ya ubaguzi yana vifungu vyake. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole umerahisisha kumpata mtumaji aliyeko nchini. Watetezi wa haki za binadamu wameilaumu sheria hiyohiyo kwa kutumika dhidi ya wakosoaji wa serikali, na lawama hiyo ina uzito.

Zanzibar na Wete

FIFA hutoa huduma yake ya kuficha na kuripoti matusi kwa vyama wanachama 211. Zanzibar si mmoja wao. Hata uanachama kamili wa CAF, uliotolewa Machi 2017, ulifutwa Julai mwaka huohuo. Mchezaji wa Zanzibar huufikia mpango huo wa FIFA kupitia timu ya taifa ya Tanzania; akivaa jezi ya Zanzibar Heroes, kama walivyofanya waliofika fainali ya CECAFA mwaka 2017 na kufungwa na Kenya kwa penalti, hayumo.

Mji wa Wete, Pemba, una klabu ya Jamhuri iliyowahi kuiwakilisha Zanzibar katika mashindano ya CAF. Kwa mchezaji wa klabu kama hiyo kinga iliyopo ni uongozi wa timu, kituo cha polisi na simu yake mwenyewe. Katika mji mdogo mtukanaji mara nyingi anafahamika, pengine walisoma skuli moja, na mambo humalizwa kwa wazee kabla ya polisi. Kwa vyovyote ushahidi hutakiwa mapema: picha ya skrini yenye jina la akaunti, tarehe na saa, pamoja na kiungo cha ujumbe, vichukuliwe kabla ya kumzuia mtumaji, kwa sababu ujumbe ukishafutwa ni vigumu kuupata tena.