Kompyuta kizee, flashi mchawi!

Msomaji wangu, siku hizi mtu akitaka kukushusha hadhi mbele ya washikaji hakuulizi tena umevaa saa gani. Anakuuliza, "Eti kompyuta yako ina Windows ngapi?" Ukijibu saba, watu wanaangua kicheko. Ukijibu kumi nako wanaguna, maana tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia.

Mimi sicheki. Huku kwetu Bugene, wilayani Karagwe, kompyuta haiingii nyumbani kwa sababu imetoka mpya dukani. Inaingia kwa sababu kuna mtu Dar au Bukoba kabadilisha yake, ile ya zamani ikafungwa kwenye boksi, ikapakiwa kwenye basi, ikamalizia zile kilomita 59 za lami kutoka Kyaka. Ikishuka hapa tayari ina umri wa mtoto wa darasa la tano! Na hiyo ndiyo inayotunza picha za harusi, ndiyo inayojaza fomu za mkopo wa chuo, ndiyo inayopiga hesabu za kikoba. Sasa umwambie mwenye nayo aitupe anunue nyingine? Kwa kahawa ya bei gani?

Tuelewane kwanza kompyuta inazeekaje. Kila mwezi mafundi wa Microsoft wanagundua matundu kwenye Windows, wanatoa viraka, kompyuta inavishusha yenyewe kwa intaneti. Siku wakisema basi, matundu hayaishi kugunduliwa. Kinachoisha ni viraka. Ni kama paa linalovuja baada ya fundi bati kuhama kijiji. Tena kuna ubaya zaidi: kiraka kipya cha Windows 11 kikitoka, wezi wanakikagua kuona kimeziba wapi, halafu wanakwenda kubisha hodi mahali pale pale kwenye Windows za zamani. Windows XP fundi wake alihama tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020.

Kama unadhani ni maneno ya kutishana, kumbuka Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo dunia ilipata kasheshe lililoitwa WannaCry. Kirusi hicho kilikuwa kinafunga mafaili yote ya mtu kisha kinabandika tangazo kwenye kioo: lipa dola 300 kwa bitcoin, la sivyo yasahau. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 zilipigwa. Kule Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000. Akaja kijana mmoja wa huko huko, Marcus Hutchins, akakuta jina la tovuti limefichwa ndani ya kirusi, akalisajili, na kirusi kikazimika.

Watu walidhani walioumia ni wazee wa XP. Wapi! Kampuni ya Kaspersky ilipopiga hesabu, zaidi ya asilimia 98 ya zilizopigwa zilikuwa Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka chake kilitoka tangu tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Wenyewe walikuwa hawajakibandika tu.

Huko ni kwa wenye intaneti ya kumwaga. Huku kwetu bando linapimwa kama sukari, na mambo yetu yanasafiri kwa flashi. Muvi kwa flashi, nyimbo kwa flashi, vyeti vya kwenda kupigwa chapa steshenari kwa flashi. Ndiyo maana mchawi wetu anapita humo humo.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu mstaafu. Kompyuta yake ya mezani, Windows 7, ndiyo inayotunza hesabu za kikoba cha akina mama wa mtaani: nani kanunua hisa ngapi, nani kakopa, nani bado anadaiwa. Kwa usalama, alikuwa anaziweka kwenye flashi tu na flashi anaifungia kabatini. Desemba moja, zimebaki siku nne wagawane, kijana wake wa kidato cha sita akarudi na flashi yake aliyojaziwa muvi mjini, akaichomeka kwenye kompyuta ya baba. Jioni Mwalimu naye akachomeka ya kikoba. Kesho yake folda zote zimekuwa shotikati, na akibofya haifunguki hata moja.

Fundi wa kwanza aliyeitwa alikuwa na jibu moja: "Piga formati." Bahati mweka hazina alikuwapo. Mama wa watu hakupandisha sauti.

"Mwalimu, sisi hizo Windows hatuzijui. Sisi tunajua hela yetu. Hiyo formati inarudisha hesabu?"

Fundi kimya.

Nikaitwa. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone, hela za watu hizi."

Ujanja wa kirusi cha shotikati ni wa kitoto, na ni wa siku nyingi. Hakifuti kitu. Kinazificha folda zako, kisha kinaweka shotikati zenye majina yale yale, na ukibofya tu kinajipandikiza kwenye kompyuta. Dalili yake ni hii: flashi inaonekana tupu, lakini ukiangalia nafasi iliyotumika, imejaa. Nilichofanya ni kuiwasha kompyuta ile kwa flashi yangu yenye Linux, mfumo ambao kirusi cha Windows hakina cha kuufanya. Folda za kikoba zikaonekana zote, zimekaa kimya kama watoto waliojificha uvunguni. Tukazinakili, mgao ukafanyika siku yake. Ingepigwa formati, sijui akina mama wale wangeanzia wapi kudaiana.

Tangu hapo nyumba ile ina utaratibu mpya. Kompyuta ya hesabu haiungwi kwenye intaneti kabisa, hata kwa hotspoti ya dakika mbili. Inaandika, inapiga hesabu, inachapa, na jioni watu wanaangalia muvi. Mambo ya barua pepe, maombi ya kazi na nywila za mkopo wa chuo yamehamia kwenye simu. (Na simu nayo uikague! Kama haijapata viraka tangu enzi za mwenye nayo wa kwanza, umehamisha mgonjwa kutoka wodi hii kwenda ile.) Kijana kafunguliwa akaunti yake isiyo na mamlaka ya kusimika programu. Alinuna wiki nzima. Flashi ya muvi na ya kikoba sasa hazijuani. Hesabu zina nakala mbili, na moja inalala kwa mweka hazina, haichomekwi popote hadi mwisho wa mwezi. Mama yule kaongeza sharti lake mwenyewe: kila mwezi zichapwe kwenye karatasi, wanachama waweke sahihi. Hakuna antivairasi inayofikia hapo.

Jambo jingine dogo ambalo wengi hawalifanyi: iambie Windows ikuonyeshe mikia ya majina ya mafaili. Kawaida inaificha. Ukiiwasha, ile muvi inayojiita "harusi.mp4" utakuta mkia wake wa kweli ni ".exe", yaani ni programu iliyojivika shela. Na folda yenye kamshale kadogo pembeni, usiiguse.

Wapo watakaoniambia wao lazima waingie mtandaoni na Windows 7 yao. Haya, lakini mjue hata Chrome iliwaacha. Toleo la 109, la Januari 2023, ndilo la mwisho kukubali Windows 7. Ukiingia na kisakuzi cha namna hiyo kwenye akaunti ya benki, wewe ni jasiri kuliko mimi.

Sasa nije kwa mafundi wetu, na mnisamehe. Fundi anakuja na Windows ya kuchakachua, anakwambia zima antivairasi kwanza ndipo "aktiveta" ifanye kazi. Jiulize, mgeni anayetaka mbwa afungwe kabla hajaingia, anakuja kufanya nini? Halafu wengine wanazima na viraka vya kila mwezi ili uchakachuaji usishtukiwe. Unabaki na Windows mpya kwa sura, lakini ndani ni kizee kuliko ile ya mwanzo.

Kwa mashine isiyoweza Windows 11 (na zipo nyingi, maana hiyo inadai kijidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za kuanzia kama mwaka 2018), mimi nafagilia Linux Mint. Ni ya bure, haichakachuliwi kwa sababu hakuna cha kuiba, inapata viraka, na inaanza kutembea na RAM ya GB 2 ingawa 4 ndiyo raha. Kuishusha ni kama GB 3, kwa hiyo changeni bando mshikaji mmoja aishushe, mgawane. Unaweza kuijaribu ukiwa kwenye flashi bila kugusa kitu ndani ya kompyuta. Kero zipo: printa nyingine zinagoma, gemu za kijana hazitaki, na waliozoea Word watanung'unika siku mbili tatu.

Wa Windows 10 wana nafuu kidogo. Microsoft walipoiacha mwaka 2025 waliwafungulia watumiaji wa nyumbani mlango wa viraka vya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ama unalipa dola 30, ama unaunganisha mipangilio ya kompyuta na akaunti yako ya Microsoft, hulipi kitu. Mlango huo unataka toleo la 22H2, na Windows yenyewe iwe ya halali.

Na ukichoka kabisa ukaamua kuiuza, usiiuze na moyo wake. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la takataka hakutoshi, anayejua atayafufua jioni hiyo hiyo, vyeti vyako na picha za chumbani kwa pamoja. Chukua bisibisi, fungua ubavu, chomoa diski uondoke nayo. Anayenunua atapunguza bei kidogo. Mwache apunguze.